Vioo Vitano

Dirisha la sebuleni kwa bibi yangu, Kinondoni, lilikaa na ubao wa plaiwudi miaka sita. Ubao ulianza ukiwa mweupe, ukageuka kahawia, ukavimba kwa mvua za masika, mwisho ukawa unabanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Mgeni akiuliza kulikoni, bibi alimjibu kwa sauti ile ile anayotajia bei ya nazi: "Ni hao Wamarekani." Mgeni alicheka. Bibi hakucheka.

Ilikuwa Ijumaa, 7 Agosti 1998. Nilikuwa kidato cha pili, lakini siku hiyo sikwenda shule. Malaria ilikuwa imenilaza mkekani pale sebuleni, na bibi amekaa kando yangu juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, ungo mapajani, anachambua mchele wa mchana. Saa nne na dakika thelathini na tisa (muda huo niliusoma gazetini baadaye, wakati ule sikuwa na habari ya saa) kitu kiliusukuma ukuta. Watu wengi wakisimulia siku ile husimulia mlio. Mimi mlio siukumbuki kabisa. Ninachokumbuka ni mchele ukiwa hewani, punje moja moja, kama umesimama, na nyuma yake vioo vya dirisha vikija ndani.

Bibi alinilalia. Alipoinuka alikuwa na kipande kidogo cha kioo begani, akakichomoa mwenyewe kwa kucha kama mtu anayetoa mwiba. Kisha akaanza kuokota mchele. Akaokota, akaokota, akaona vioo vimechanganyika na punje, huwezi kutofautisha, akanyamaza kidogo, akaenda kuumwaga wote. Mwanamke aliyekuwa akigombana na wajukuu kwa ukoko wa sufuria anamwaga kilo mbili za mchele! Hapo ndipo nilipojua kwamba lililotokea si dogo.

Mtaani walisema ni mtungi wa gesi. Wengine wakasema lori la mafuta. Jirani mmoja aliapa kwa jina la mama yake kwamba ni radi, na jua linawaka vile. Mchana redio ikasema ni ubalozi wa Marekani, pale Barabara ya Laibon, ng'ambo ya barabara kuu kutoka kwetu, na kwamba Nairobi nako kumelipuliwa, dakika chache tu zikipishana.

Wiki ya pili au ya tatu wakaja watu wawili na daftari. Hawakueleza vizuri wametumwa na nani. Wakahesabu dirisha. "Vitano," akasema mmoja, mwenzake akaandika. Bibi akawaambia, "Na mchele, baba. Kilo mbili." Yule mwenye kalamu akatabasamu, hakuandika. Wakaenda zao na daftari lao, na mpaka leo.

Nimelikumbuka daftari hilo kwa sababu ya mpwa wangu. Anasoma uhusiano wa kimataifa chuo kikuu, na usiku mmoja alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, nusu yake ni salamu na udhuru wa kuniamsha. Swali lenyewe lilikuwa hili: "Mjomba, hivi kwa nini watu wanawachukia Wamarekani, na hao hao wanaowachukia ndio wanapanga foleni ya viza?" Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho yenyewe imechelewa kidogo, ndiyo hii.

Mjomba wako ana umri wa kutosha kukumbuka Februari 2008, George W. Bush alipokuja Dar es Salaam. Watu walijipanga barabarani, na si kwa kulazimishwa. Alikuja kutia saini mkataba wa dola milioni 698 wa barabara, umeme na maji, na kabla ya hapo mpango wake wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ulikuwa umeshawainua vitandani watu tuliokuwa tumeshaanza kuwachangia sanda. Nawajua kwa majina. Mmoja bado anauza samaki Msasani, na ukimsema vibaya Bush mbele yake utaondoka na njaa.

Miezi kumi baadaye, Desemba ya mwaka ule ule, Bush yule yule alisimama mbele ya waandishi wa habari Baghdad, na mmoja wao akavua viatu akamrushia kimoja baada ya kingine. Kiatu cha kwanza alisema ni busu la kumuaga. Cha pili akasema ni cha wajane na mayatima na waliouawa Iraq.

Ukiyaweka matukio haya mawili pamoja, mpwa wangu, utaona kwamba yale maelezo ya "wanatuonea wivu" au "wanachukia uhuru wetu," ambayo wanasiasa wa Washington waliyapenda sana baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, hayatoshi. Mtu ni mmoja, nchi yake moja, uhuru wao ule ule. Kinondoni alipungiwa mikono na Baghdad alirushiwa viatu kwa sababu kwetu alileta vidonge na kule alileta mabomu. Na angalia yule mwandishi alitaja nini. Hakutaja Uislamu, hakutaja sinema za Hollywood. Alitaja wafu ambao, kwa hisia yake, hakuna aliyewahesabu.

Mimi nadhani uchungu wa watu dhidi ya nchi ya mbali huanzia hapo hapo: kwenye daftari, nani kaandikwa na nani hakuandikwa. Mengine, mafuta, vituo vya kijeshi, kura za Umoja wa Mataifa, ni makubwa, lakini mtu wa kawaida hayashiki mkononi. Anachoshika ni kwamba mtoto wake alikufa na hakuna aliyesema pole.

Turudi Agosti 1998. Wengi wanaamini tarehe ile haikuwa ya bahati nasibu. Tarehe 7 Agosti 1990, miaka minane kamili kabla, ndipo Marekani ilipoanza operesheni ya kupeleka majeshi Saudi Arabia, siku chache baada ya Saddam Hussein kuivamia Kuwait. Mfalme Fahd ndiye aliyewakaribisha. Osama bin Laden, ambaye kundi lake la al-Qaida ndilo lililokuja kulipua balozi zile, mtoto wa tajiri wa ujenzi aliyetoka kupigana Afghanistan, alikuwa ameiambia serikali yake kwamba yeye na wapiganaji wake wangeweza kuilinda nchi. Wakamkatalia, pengine na kucheka wakacheka. Vita vikaisha 1991, wanajeshi wengi wakarudi kwao, lakini maelfu wakabaki, na walibaki hadi 2003. Kwa serikali mbili zile ulikuwa mpango wa ulinzi tu. Kwa baadhi ya Waislamu, kuona vifaru vya kigeni kwenye ardhi yenye Makka na Madina ni jambo ambalo halikuhitaji mhubiri kulichochea, ingawa mhubiri alipatikana.

Kitu cha pili kilikuwa vikwazo dhidi ya Iraq. Mei 1996 mtangazaji wa televisheni alimuuliza Madeleine Albright, wakati huo balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa, kuhusu habari kwamba watoto nusu milioni wa Iraq wamekufa kwa sababu ya vikwazo, je, bei hiyo inastahili? Albright akajibu kwamba ni uamuzi mgumu sana, lakini bei, wao wanaona inastahili. Idadi ile ya nusu milioni baadaye watafiti walikuja kuonyesha kwamba ilitiwa chumvi, na tena chumvi ya serikali ya Saddam mwenyewe. Na Albright alikuja kujuta, akakiri aliingia mtegoni. Lakini neno lilishatoka. Hakusema idadi si kweli. Hakusema "masikini, watoto wale." Alisema bei. Neno moja la dakika moja lilisafiri misikitini na vijiweni kutoka Sanaa hadi Jakarta, na wapo wanaolitaja hadi leo ambao hawajui jina la aliyelisema. Februari 1998 bin Laden na wenzake walipotoa tamko lao la kuhalalisha kuua Wamarekani popote, raia kwa askari, vikwazo vya Iraq vilikuwa miongoni mwa mambo matatu waliyoyaorodhesha, pamoja na majeshi ya Arabuni na suala la Israel na Jerusalem.

Sasa usije ukaandika kwenye kazi yako kwamba mjomba anawatetea. Waliotegesha mabomu yale ni wauaji, na waliua kwa hesabu chafu kuliko ile wanayoilaumu. Nairobi walikufa watu 213. Wamarekani walikuwa 12. Dar es Salaam walikufa 11, na Mmarekani hakuwemo hata mmoja. Bomu la Dar liliandaliwa Ilala, kwenye nyumba ya kupanga, na miongoni mwa waliosaidia walikuwemo vijana wa Zanzibar, watu waliokua wakila urojo kama wewe. Walijua vizuri nani anapita Barabara ya Laibon saa nne asubuhi. Mlinzi, dereva, mama wa vitumbua. Hao hawakumo katika hesabu ya Washington kuhusu Ghuba, na hawakumo katika hesabu ya bin Laden kuhusu Washington. Pande zote mbili tulikuwa sifuri.

Pale Dar lori la bomu lilishindwa kuingia getini kwa sababu gari la maji la ubalozi lilikuwa limekaa mbele yake. Nusura yetu ilikuwa boza la maji! Mji wenye shida ya maji kama huu.

Nairobi hawakuwa na boza. Ubalozi ulikuwa kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, karibu na stesheni ya treni, mahali ambapo asubuhi ya Ijumaa huwezi hata kupita bila kusukumwa bega. Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameshaandika Washington, zaidi ya mara moja, kwamba jengo liko karibu mno na barabara na linahitaji kuhamishwa. Fedha hazikupatikana. Siku ile kwanza ulisikika mlipuko mdogo, wa guruneti. Watu maofisini wakafanya ambalo mimi na wewe tungefanya: wakakimbilia madirishani kuchungulia. Sekunde chache baadaye ndipo lori likalipuka. Ndiyo maana katika majeruhi wale, maelfu kwa maelfu, wengi sana waliumia macho. Nimekutana na mzee mmoja Mombasa, karani mstaafu, ambaye kitu cha mwisho alichokiona duniani ni mgongo wa mwenzake aliyemtangulia dirishani. Anasimulia bila kupandisha sauti. Anakumbuka hata rangi ya sweta.

Jengo la jirani, Ufundi House, liliporomoka lote. Hapo ndipo pakatokea jambo ambalo Wakenya wa umri wangu hawajalisahau, na ambalo vitabu vya diplomasia hulipita haraka. Wananchi walikuwa wanachimba vifusi kwa mikono, kwa makarai, kwa vyuma vya vitanda. Wanajeshi wa Marekani wakawa wamelizunguka jengo la ubalozi wao na silaha, wanalilinda. Ubalozi ulijieleza baadaye: askari walikuwa wachache, ndani kulikuwa na nyaraka na watu wao wenyewe waliofukiwa, utaratibu wa usalama hauna huruma. Yote pengine ni kweli. Lakini jaribu kusimama pale na karai lako, ndugu yako yuko chini ya zege analia, na mita chache kutoka hapo kijana mwenye afya na bunduki anakwambia rudi nyuma. Wakenya wale hawakuwa maadui wa Marekani. Asubuhi ya siku ile wengi wao wangeitetea. Magazeti ya wiki iliyofuata yalijaa hasira, na haikuwa hasira juu ya Ghuba wala Jerusalem.

Albright, sasa akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alifika Nairobi na Dar tarehe 18 Agosti. Alitoa pole, na nakumbuka bibi alisema anaonekana mtu mwenye huzuni ya kweli. Siku mbili baadaye makombora ya Tomahawk yakashuka Afghanistan na Khartoum.

Ya Khartoum yalipiga kiwanda cha dawa, Al-Shifa. Shifa, kama wasemaji wa Kiswahili tunavyojua bila kuambiwa, ni uponyaji. Kiwanda kilikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi, kinatengeneza dawa za malaria na antibiotiki za kutumika nchini. Washington ilisema kinahusika na silaha za kemikali na kwamba kina uhusiano na bin Laden. Ushahidi mkuu ulikuwa sampuli ya udongo iliyochukuliwa kwa siri. Mwaka uliofuata wakaziachia fedha za mwenye kiwanda walizokuwa wamezizuia. Ushahidi wa kuridhisha haukutolewa hadharani, na msamaha haukuombwa. Mlinzi wa usiku alikufa. Sudan walikiacha kifusi pale kilivyo, wageni wakawa wanapelekwa kutembezwa, chupa za dawa zimetapakaa mchangani.

Fikiria wewe ni Msudani wa kawaida, huipendi serikali ya Omar al-Bashir, unamwona bin Laden ni balaa lililofukuzwa nchini mwako mwaka 1996. Mtoto wako ana homa. Sasa eleza kwa nini wewe ni upande wa waovu.

Na mimi, kijana wa Kinondoni niliyetoka kuugua malaria, niliisikia habari ile redioni nikiwa bado nameza klorokwini yangu. Nilifurahi. Niseme ukweli. Nilifurahi kwamba mtu amepigwa kwa ajili ya mchele wa bibi. Ilinichukua miaka kujua kwamba aliyepigwa ni mtengeneza dawa.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka kwa sababu yanachosha. Tanzania ikapitisha sheria ya ugaidi 2002. Kenya ikavutana na yake kuanzia 2003, Waislamu wa pwani wakisema imeandikwa kwingine na kuletwa kutafsiriwa, ikapita 2012. Mwanzoni mwa 2007 makumi ya watu waliokimbia vita Somalia walikamatwa Kenya na kupandishwa ndege usiku kurudishwa Somalia, na kutoka huko wengine wakapelekwa jela za Ethiopia kuhojiwa, wakiwemo wanawake na watoto. Mombasa ukitaja mwaka ule kwenye baraza ya kahawa utaona watu wanaangalia vikombe vyao. Halafu, 31 Januari 2020, Rais Trump akaongeza nchi kwenye orodha yake ya kuzuiwa viza, na kwa ile bahati nasibu ya kadi ya kijani akazitaja nchi mbili kwa mkupuo mmoja: Sudan na Tanzania. Nadhani aliyeiandika orodha ile hakuwa na habari kwamba nchi hizi mbili zilishawahi kukutana kwenye jambo moja. Joe Biden aliifuta siku yake ya kwanza ofisini, lakini binamu yangu alikuwa ameshinda bahati nasibu mwaka ule ule usiofaa. Bado ana karatasi.

Ila ukiishia hapo, mpwa wangu, utapata alama nzuri kwa mhadhiri asiyeipenda Marekani, na utakuwa umejidanganya. Maana daftari hili sasa tunalo na sisi.

Oktoba 2011 Kenya iliingiza jeshi Somalia kuwafukuza al-Shabaab. Sababu zilikuwepo, watalii na wafanyakazi wa misaada walikuwa wametekwa. Tarehe 30 mwezi ule ule ndege ya Kenya ilishambulia Jilib, na Madaktari Wasio na Mipaka waliokuwa wakifanya kazi pale wakasema makombora yameangukia kambi ya wakimbizi wa ndani, watu watano wamekufa na makumi wamejeruhiwa, wengi wao watoto. Jeshi lilisema lilipiga lori la al-Shabaab lenye risasi. Unaisikia sauti ile? Ndiyo ile ya Khartoum, kwa lafudhi ya Nairobi. Kisha al-Shabaab wakavamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, 2013, watu 67. Kisha chuo kikuu cha Garissa, Aprili 2015, wanafunzi na wengine, 148. Kati ya hayo mawili, Aprili 2014, polisi walizoa maelfu ya Wasomali, wengi wao ni Wakenya au wakimbizi wenye vibali, wakawafungia uwanja wa mpira wa Kasarani. Rafiki yangu wa Eastleigh alilala pale usiku tatu na kitambulisho chake cha Kenya mfukoni. Yeye ni shabiki wa Harambee Stars. Hajaingia tena uwanja ule.

Nami nisijifiche kwenye Utanzania. Februari 2025, wiki ile marais wa Afrika Mashariki na Kusini walipokutana hapa Dar kujadili Kongo, nilikuwa Kariakoo natafuta kitenge cha harusi. Duka lilikuwa na mama wa Bukavu, amekwama na marobota yake kwa sababu hajui kama nyumbani kutafikika. Goma ilikuwa imeshachukuliwa na M23, waasi wanaotajwa kuungwa mkono na Rwanda. Bukavu ingeanguka siku chache baadaye. Alinisikia nikiongea akageuka.

"Weye ni wa Kenya?"

"Hapana mama, wa hapa hapa."

"Aa. Basi ikala."

Nikakaa. Nilimuuliza Kenya wamemkosea nini, maana Rwanda ningeelewa mara moja. Akaniambia kuhusu Desemba 2023, Corneille Nangaa, mwanasiasa wa Kongo, alipozindua muungano wake wa waasi, wenye M23 ndani yake, Nairobi, mchana kweupe, ndani ya hoteli. "Balitangaza vita yetu mu hoteli," alisema, akirudia neno hoteli kama lina ladha mbaya. Kinshasa ilimwita balozi wake kutoka Nairobi. Rais Ruto akasema Kenya ni nchi ya demokrasia, haiwezi kumkamata mtu kwa kutoa tamko. Jibu zuri mahakamani. Tarehe 28 Januari 2025, M23 wakiwa Goma, umati wa Kinshasa ulivamia balozi za Rwanda, Ufaransa, Ubelgiji, Marekani, Uganda, na ya Kenya nayo ikamo, ikavunjwa ikaibiwa. Wakenya mtandaoni walishangaa sana. Sisi tumewafanya nini? Wengi walikuwa wakiuliza kwa dhati kabisa, kama Wamarekani walivyouliza.

Yule mama hakuwa akiunga mkono kuvunja ubalozi. Alisema waliovunja ni wezi wa viti. Lakini alikuwa anahesabu, kwa vidole, watu wa mtaa wake, na alipofika kidole cha nane akaacha akaniuliza kitenge nachukua kipi.

Imebaki ile habari ya fedha.

Mwaka 2020 Sudan, Bashir akiwa ameshapinduliwa, ilikuwa inataka kutolewa kwenye orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi. Sharti moja lilikuwa kulipa waathirika wa mabomu ya 1998, kwa kuwa Sudan ilimhifadhi bin Laden hadi 1996, pamoja na waathirika wa meli ya kivita ya Marekani, USS Cole, iliyolipuliwa Yemen mwaka 2000. Sudan, nchi ambayo watu wake walikuwa wanapanga foleni ya mkate, ikatoa dola milioni 335. Desemba ikatolewa kwenye orodha. Katika mgao, kama ulivyoripotiwa, familia ya mfanyakazi wa ubalozi aliyekufa akiwa raia wa Marekani ilipangiwa dola milioni 10. Familia ya mfanyakazi aliyekufa akiwa Mkenya au Mtanzania, dola 800,000. Jengo moja, mwajiri mmoja, pengine walikunywa chai chombo kimoja asubuhi ile. Na waliokuwa nje, wa Ufundi House, wa kwenye mabasi ya Haile Selassie, yule karani wa sweta, hawakuwemo kabisa. Wakenya hao wamezunguka mahakamani na bungeni miaka yote hii, Seneti yao ikaunda hadi kamati maalumu, na bado wanazunguka.

Haitakuwa haki nisiposema kwamba misaada ilikuwepo mwanzoni: matibabu ya macho, karo za shule, majengo. Ilisaidia watu. Ila msaada ni kitu unachopewa na mtu aliyeamua kukupa, na fidia ni kitu unachostahili. Watu wanaijua tofauti hata kama hawajasoma sheria.

Niliisoma habari ya mgao kwenye simu, nikiwa kwa bibi. Alikuwa ameshapita miaka themanini, macho hayaoni vizuri, lakini masikio kama ya paka. Ubao wa dirisha tulishautoa zamani, mjomba wangu aliweka vioo vipya 2004 kwa pesa yake. Nikamsomea kwa sauti. Akataka nirudie zile namba. Nikarudia.

"Sasa Mmarekani mmoja hapo ni sawa na wangapi wetu?"

Nikapiga hesabu kwenye simu. "Kumi na wawili na nusu, bibi."

Akakaa kimya, anasugua bega lake, lile lile.

"Hiyo nusu," akasema, "wanachukua upande wa juu au wa chini?"